Kamisheni ya 15% mwaka 2022: madereva wa apu tulishinda au tulijifungia mlango wenyewe?

#1 Mkata Kona

Habari za mchana wadau. Tujadili hili bila matusi.

Kabla ya 2022 apu za kuita teksi kama Uber na Bolt zilikuwa zinakata hadi 33% ya nauli. Madereva tukalalamika, tukazima simu, tukagoma, viongozi wetu wakapiga hodi LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, mpaka mlinzi wa getini akawazoea. Mwaka 2022 agizo likatoka: mwisho 15%. Kijiweni kwetu Sinza jamaa mmoja alinunua kreti zima la soda.

Soda hazijaisha, Uber ikatangaza inasimamisha huduma Tanzania, tarehe 14 Aprili. Agosti Bolt nayo ikafunga kwa abiria wa kawaida, ikabaki na wateja wa makampuni. Desemba LATRA ikakaa upya, kikomo kikapanda hadi 25%. Mwanzoni mwa 2023 Uber ikarudi na maisha yakaendelea.

Mimi nasema lile ndilo jambo kubwa kuliko yote tuliyowahi kulipata kwa midomo yetu wenyewe, na ndani ya miezi minane likaota mbawa. Kwa nini tulishindwa kulilinda? Nataka majibu ya watu waliokuwa barabarani, siyo ya watu wa kwenye semina.

#2 Hesabu ya Jioni

Mkuu uzi mzuri ila umeanzia katikati. Kamisheni haikuwa tatizo letu kubwa hata siku moja.

Chukua safari ya 10,000. Kwa 25% apu inakula 2,500, kwa 15% inakula 1,500. Tofauti buku. Piga safari kumi, umeokoa buku kumi, si haba. Lakini hesabu ya tajiri, ile unayompelekea mwenye gari, ni 25,000 au 30,000 kila jioni, mvua inyeshe jua liwake, na hiyo hakuna LATRA inayoigusa. Ukitoka hapo mafuta, bando, kuosha gari, "ya maji" ya trafiki. Tuligombana na anayechukua buku tukamwacha anayechukua thelathini.

#3 Tajiri Mdogo

Nilijua tu tutafikiwa. Sisi wenye magari ndio wachawi wa kila uzi humu.

Bwana Hesabu, hiyo 30,000 yako mimi siili. Gari nimenunua kwa mkopo, bima kubwa naikata mimi, leseni ya LATRA mimi, tairi mimi, na dereva akigonga kioo cha taa pale Ubungo anazima simu siku mbili. Halafu muda Uber haipo mlikuja wote kuniomba nipunguze hesabu. Nikapunguza. Nani alinipunguzia mimi rejesho la benki?

#4 Mtoto wa Kurasini

Tatizo serikali iliwafukuza Uber kwa pupa. Ungeacha soko lijiendeshe.

#5 Wakili wa Mtaa

#4 hapana. Hakuna aliyefukuzwa. Uber walisimamisha huduma wenyewe, wakasema mazingira ya udhibiti hayawaruhusu kuendelea. Kuna tofauti kubwa kati ya kufukuzwa na kususa.

Na kususa ndiko jibu la swali la mwanzisha uzi, kwa maoni yangu. Kampuni iliyo kwenye nchi sabini inaweza kufunga duka Dar miezi minane na isisikie chochote. Wewe ukizima simu siku mbili, mtoto anarudishwa nyumbani kwa ada. Aliyepanga mkakati wa 15% alitakiwa ajiulize swali moja: wakiondoka, tuna nini mkononi? Hatukuwa na kitu. Apu za hapa nyumbani zilikuwepo lakini abiria hawakuwa wamezipakua, na apu bila abiria ni saa ya ukutani.

Jambo la pili. LATRA imeanzishwa kwa sheria ya 2019, ikachukua sehemu ya kazi za SUMATRA, mamlaka ya zamani. Nauli zinapoguswa huwa kunaitwa mkutano wa wadau, na kuna baraza la watumiaji, LATRA CCC, ambalo kazi yake ni kumsemea abiria. Sasa niulize humu ndani: nani alikwenda mkutano hata mmoja na karatasi yenye hesabu? Siyo bango. Hesabu: kilomita unazokwenda bila abiria, dakika unazosubiri, mafuta.

#6 Bi Mwaju wa Mbezi

Wakili amemsema abiria nami nishuke hapo hapo.

Mwaka ule nilikuwa napokea wageni stendi ya Magufuli usiku. Kabla ya hapo nilikuwa nabofya simu, bei naiona, namba ya gari naiona, namtumia mdogo wangu, tunaondoka. Apu zilipopungua tukarudi kwa wale wa "dada wapi, dada wapi", begi limeshashikwa kabla hujajibu. Kimara tu hapo mtu anakutajia bei ya kwenda Bagamoyo.

Hakuna dereva hata mmoja aliyenieleza mimi mteja kwa nini 15% ina faida na kwangu. Mlipigania pochi yenu, sawa, ni haki yenu. Lakini zilipoondoka msishangae kwamba abiria tuliwalaumu nyie na LATRA.

#7 Mkata Kona

Dada Mwaju nimekupata, ila na wewe useme ukweli wote. Dereva anatoka Sinza Kijiweni kukufuata Mlimani City, foleni ile ya Mwenge, amefika unakansel kwa sababu umepata lifti. Hayo mafuta nani analipa?

#8 Bi Mwaju wa Mbezi

Nakansel kwa sababu mmenipigia kuuliza "unalipa keshi au kadi", nikisema kadi mnakata simu. Tusianze.

#9 Mtoto wa Kurasini

Hahaha #8 amemaliza mchezo. Haya, Kenya mbona waliweka 15% na kampuni hazikuondoka?

#10 Kamau wa Roysambu

Salamu kutoka Nairobi. Si 15%, ni 18%. Iliwekwa kwa kanuni za 2022 zinazosimamiwa na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani huku kwetu. Uber walikuwa wakikata 25% kabla ya hapo, na walienda kortini kuzipinga kanuni.

Na msituonee wivu. Tulipigania hiyo asilimia miaka na miaka. Mwaka wa 2018 kulikuwa na mgomo mrefu, viongozi wakakaa na kampuni na wizara, wakatia sahihi makubaliano, kisha yakalala kwenye droo. 18% ilipokuja wasee wakasema tumefika. Lakini 18% ya nini? Sheria iligusa kipande cha keki, haikugusa ukubwa wa keki yenyewe. Apu zikaleta madaraja ya bei ya chini, gari dogo, abiria anafurahia. Dereva anakatwa kidogo kwa nauli ambayo pia ni kidogo.

Ndiyo maana 2024 ulisikia madereva wa Nairobi wameandika bei zao wenyewe kwenye karatasi, wakabandika ndani ya gari. Abiria akiingia anaambiwa: hiyo ya kwa simu sahau, soma hapa. Uber ikaonya kwamba atakayefanya hivyo ataondolewa. Wengine waliendelea tu, abiria wengine walilipa, wengine walishuka na mlango wakaupiga.

#11 Hesabu ya Jioni

Kamau umesema nilichotaka kusema. Asilimia ni mtego. Dai la maana ni bei ya chini kwa kilomita na kwa dakika, pamoja na kilomita za kumfuata abiria. Ukiwa na hiyo hata wakikata 25% unapumua.

#12 Wakili wa Mtaa

Na bei ya chini ikipanda abiria wakipungua je? Dada Mwaju anapanda mwendokasi.

#13 Bi Mwaju wa Mbezi

Napanda kweli. Ikija.

#14 Tuktuk Kisauni

Hamjambo. Huku Mombasa twasoma tu. Ndugu zangu, nyinyi mna gari na apu, sisi wa tuktuk twabishana na apu na kaunti na askari na mwenzio aliyepanga foleni steji. Mie nimewahi kufungiwa akaunti, jina la apu silitaji. Nimeambiwa nipige picha ya uso nithibitishe ni mimi. Ni saa tano usiku, nipo kando ya njia, taa hakuna, nimevaa kofia yangu. Nikapiga, ikakataa. Nikavua kofia, ikakataa. Nikasimama mbele ya taa ya duka la muhogo, muuzaji anicheka, ikakataa. Kisha ikaandika akaunti yangu yachunguzwa. Nikaandika kuuliza, jibu likaja papo hapo: asante kwa kuwasiliana nasi. Nikaandika tena, jibu lile lile.

Nalirudishiwa baadaye, na sijui nani alinirudishia wala kwa nini. Kwangu mie hilo lashinda kamisheni. Tajiri ukimkosea waenda kwake wamuomba radhi. Simu utaiomba radhi vipi?

#15 Mkata Kona

Mzee wa Kisauni umenikumbusha machungu. Hili la kufungiwa hata kwenye mabango yetu ya mwaka ule halikuwepo. Kila bango 15%, 15%.

#16 Mbongo wa East London

Niko Uingereza, naendesha pia. Mnajadili asilimia wakati huku tulishavuka hapo. Tangu 2021 madereva wa Uber huku ni waajiriwa kabisa, mahakama ilishasema. Watu waliungana, wakashtaki, wakashinda. Bongo tunapenda kulialia kwa mamlaka badala ya kwenda mahakamani.

#17 Wakili wa Mtaa

Mbongo wa London punguza mwendo. Mahakama ya Juu kule, Februari 2021, haikusema ni waajiriwa kamili. Sheria ya Uingereza ina daraja la katikati: huna haki zote za mwajiriwa, lakini una kima cha chini cha mshahara na likizo ya kulipwa. Hao ndio madereva. Halafu mahakama ilisema muda wa kazi unaanza ukiwasha apu ukiwa tayari kupokea safari. Uber walipoanza kulipa wakahesabu tangu dereva anapokubali safari. Muda wa kusubiri ukabaki mjadala. Wewe uko huko, tuambie ukikaa saa nzima bila rikwesti unalipwa?

Na watu walioanzisha kesi, Yaseen Aslam na James Farrar, walishinda baraza la kazi tangu 2016. Ilichukua karibu miaka mitano kufika juu. Nani hapa ana miaka mitano ya ada ya wakili?

#18 Mbongo wa East London

Silipwi. Lakini likizo nalipwa, hiyo huwezi kuninyang'anya hata kwa vifungu.

#19 Mtoto wa Kurasini

Mwacheni ndugu yetu ale likizo yake.

#20 Mswahili wa Queens

Nami nichomekee la New York, kwa sababu linamjibu Hesabu ya Jioni moja kwa moja.

Jiji lilifanya hicho unachotaka. Chama cha madereva wa teksi kilikomaa miaka mingi, na mwishoni mwa 2018 tume ya teksi ikapitisha malipo ya chini kwa kila safari, kwa hesabu ya dereva kubaki na dola 17.22 kwa saa baada ya gharama. Ndani ya fomula wakaweka na muda gari linapozunguka tupu: magari yakiwa matupu sana, kampuni inalipa zaidi kwa kila safari.

Safi, siyo? Kampuni zikasoma fomula vizuri kuliko sisi. 2024 zikaanza kuwafungia madereva nje ya apu saa ambazo abiria ni wachache. Umeamka, umejaza mafuta, umekaa kwenye gari, unabofya, unaambiwa jaribu baadaye. Kwenye vitabu hakuna gari tupu, kwa sababu wewe haupo. Kwa hiyo bei ya chini nayo ina mlango wa nyuma.

#21 Hesabu ya Jioni

Sawa, lakini safari unayopata inalipa. Mimi nachukua hiyo leo asubuhi.

#22 Kamau wa Roysambu

Hata sisi.

#23 Mswahili wa Queens

Kuna na hili la ushirika. 2021 hapa madereva walianzisha apu yao, The Drivers Cooperative, na unajua walikata ngapi? 15%. Namba ile ile ya LATRA.

#24 Tajiri Mdogo

Sasa hapo ndipo nilipokuwa nasubiri. Ushirika Bongo? Tulikuwa na SACCOS ya bodaboda mtaani kwetu, mweka hazina sasa hivi ana nyumba Chanika na hapokei simu.

#25 Mkata Kona

Tajiri unavunja watu moyo kwa sababu ushirika ukifanikiwa wewe utakosa dereva wa kumbana.

#26 Tajiri Mdogo

Nitajiunga mimi wa kwanza nikiwa na kura sawa na gari langu. Mnataka gari langu, kura hamtaki.

#27 Shangazi Rehema

Hodi humu. Mimi ni dereva, wanawake tupo wachache lakini tupo. Nimesoma uzi wote na naona kila mtu anatafuta sababu mbali wakati nyingine iko kwenye viti vyetu.

Mwaka ule baada ya 15% kutangazwa, wengi tuliendelea kupiga safari za nje. Abiria anaita kwa apu, unamfikia, unamwambia "kansel tu tuelewane". Apu inaona rikwesti nyingi safari chache. Hata kama si sababu iliyowaondoa, ilitunyima hoja. Ukienda mezani kusema unanyonywa, wao wanafungua kompyuta yao yenye safari zote zilizokatishwa mita kumi kutoka kwa abiria. Sisi tulikuwa na nini? Daftari hatuna.

Pia tuligawanyika. Kundi letu la WhatsApp liligawanyika mara tu Uber ilipoondoka: waliokuwa na gari lao wakasema tusimame na 15%, wenye mkataba wa kulipia gari kidogo kidogo wakasema warudi hata kwa 25, tunadaiwa. Mtu wa mkataba akikosa rejesho wiki mbili gari linachukuliwa, na pesa yote aliyokwisha kulipa imeenda. Huyo hawezi kususa. Msimlaumu.

#28 Wakili wa Mtaa

Shangazi ahsante, umegusa penyewe. Takwimu zote ziko upande mmoja wa meza. LATRA yenyewe inategemea kuletewa. Dai la kwanza lilitakiwa liwe kampuni zipeleke kwa mamlaka taarifa za safari, makato na akaunti zilizofungwa, na chama kipewe nakala bila majina. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwongozo 2024 wa kazi za majukwaa kama hizi apu, nchi wanachama zina hadi Desemba 2026 kuuingiza kwenye sheria zao. Humo uamuzi wa kumfungia mtu akaunti lazima ufanywe na binadamu, na anayefungiwa aelezwe sababu. Mzee wa Kisauni angekuwa Lisbon angejua nani alimfungia.

#29 Tuktuk Kisauni

Ningekuwa Lisbon ningeuza samaki, si kuendesha tuktuk.

#30 Kamau wa Roysambu

Wakili, shida ya kushughulika na hizi kampuni ni kwamba ukishika mkono wanasema mwili uko ng'ambo. Hapa Nairobi wale waliokuwa wakichuja picha na video za Facebook walipoishtaki Meta, wenye Facebook, iliambia korti si kampuni ya Kenya, haiwezi kushtakiwa huku. Mahakama ya Rufani ikakataa Septemba 2024, kesi zikaruhusiwa kuendelea. Hao nao walianza kwa mtu mmoja, Daniel Motaung, aliyefutwa kazi baada ya kujaribu kuunganisha wenzake. Mei Mosi 2023 wakapitisha uamuzi wa kuunda chama chao. Sasa dereva wa apu na mchuja video hawana tofauti kubwa: wote wanafanyiwa kazi na mtu ambaye hawajawahi kumwona.

#31 Mtoto wa Kurasini

Tumeshatoka kwenye Toyota IST tumefika Facebook. Uzi wa Bongo bwana.

Mimi bado nasimama na langu, la kufukuzwa naliacha lakini la soko naling'ang'ania. 15% ilikuwa chini mno. 20 wangekubali.

#32 Mkata Kona

20 umeitoa wapi?

#33 Mtoto wa Kurasini

Kichwani. Kama LATRA walivyoitoa 15.

#34 Hesabu ya Jioni

Hapana, LATRA walikaa na wadau. Kama hoja zilikuwa dhaifu ni zetu. Ila swali lako ni la maana: hakuna hata mmoja wetu anayeweza kuonyesha kwa nini 15 na siyo 18 au 12. Ndiyo maana Desemba ilipandishwa na hakuna aliyekuwa na karatasi ya kupinga.

#35 Shangazi Rehema

Basi tuanze hapo. Kuna wenzetu kama saba Tabata tumeanza kuandika kila safari: kilomita za kumfuata abiria, za kumbeba, dakika za foleni, makato, mafuta. Daftari la kawaida la shule. Anayetaka tumshirikishe aje inbox, na aandike kweli, siyo ya kubuni. Safari za nje nazo muandike.

#36 Mkata Kona

Za nje tena? Si tutajichoma wenyewe.

#37 Shangazi Rehema

Wao wanazo tayari, mkuu. Bora tuwe nazo na sisi.

#38 Bi Mwaju wa Mbezi

Mkienda mkutano wa wadau niiteni. Nitakuja kama abiria. Nitawasema na nyie pia, msije mkadhani nimekuja kupiga makofi.

#39 Tajiri Mdogo

Na wamiliki? Safari hii tuwekwe kwenye barua. Gari halijiendeshi lenyewe na halijinunui.

#40 Hesabu ya Jioni

Utawekwa. Ila utakaa upande gani wa meza, wetu au wa apu?

#41 Tajiri Mdogo

Itategemea hesabu ya jioni hiyo.